Google Calendar kwa mtu wa Dar: saa inapotelea kati ya mdomo na kidole

Mteja anapiga simu saluni Sinza: "Dada, niwekee kesho saa tatu asubuhi." Mwenye saluni anafungua kalenda kwenye simu, anagusa siku ya kesho, anaandika 3:00, anahifadhi. Kalenda imepokea bila swali, na imejipanga kumwamsha saa nane na nusu usiku, nusu saa kabla ya miadi. Asubuhi mteja anafika kwa wakati wake na kukuta kiti kimekaliwa na mtu mwingine. Programu haijaharibika popote. Saa imepotea kati ya mdomo na kidole, na huko ndiko zinakopotelea nyingi kwa watu wa hapa mjini wanaojaribu kalenda za mtandaoni, kisha wanazitupa wiki ya pili wakisema hazifai.

Zinafaa, na zinafaa sana. Tathmini hii inaangalia zaidi Google Calendar, ambayo imekuwapo tangu 2006, ni ya bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Gmail, na kwenye simu nyingi za Android unaikuta imeshawekwa tayari. Nyingine tutazigusa pale zinapoizidi. Hukumu yetu ni hii: ukiipa dakika ishirini za kuipanga kwa namna ya Dar, itakubebea kazi ambayo daftari haliwezi. Usipoipa, itakuumbua.

Saa kwanza

Mashine haijui saa ya Kiswahili. Hata ukibadili lugha ya simu iwe Kiswahili, majina ya siku na miezi yatabadilika lakini saa tisa alasiri itabaki kuandikwa 15:00 au 3:00. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuachana na mfumo wa saa 12 wa Kizungu, maana humo 3:00 inaweza kuwa usiku wa manane au alasiri, na tofauti yake ni herufi mbili ndogo, AM au PM, ambazo kidole hakizioni. Weka mfumo wa saa 24. Kwenye Android programu inafuata saa ya simu yenyewe: ingia Mipangilio, kisha Tarehe na Saa, uwashe saa 24. Kwenye kompyuta, gusa alama ya gurudumu la meno juu kulia, fungua mipangilio, na sehemu ya lugha na eneo uchague 13:00 badala ya 1:00.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa tatu ni 9:00, saa kumi ni 16:00. Saa moja usiku hadi saa sita usiku, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20:00, na saa sita usiku inayofika 24 inaandikwa 00:00 ya tarehe inayofuata. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa 6: saa tisa usiku ni 3:00. Anayesimamia miadi ya watu wengine, kama mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, abandike hesabu hii kando ya skrini mpaka izoeleke.

Kuna njia bora zaidi kwa wanaotumia kompyuta, na tunashangaa kwa nini haijaenea. Google Calendar inakuruhusu kuonyesha saa za maeneo mawili kwa pamoja, kila moja na jina ulilolipa mwenyewe. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa rasmi ya Dar kwa saa 6. Dar iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, kwa hiyo tunatafuta mji ulio saa 3 nyuma yake. Buenos Aires, Argentina, iko hapohapo, na kwa sasa hawasogezi saa zao kwa majira. Ingia mipangilio, sehemu ya saa za eneo, weka tiki kwenye eneo la pili, chagua Buenos Aires, na kwenye jina andika "Kiswahili". Ukifungua mwonekano wa siku au wa wiki utaona safu mbili kushoto: 15:00 na pembeni yake 09:00, yaani saa tisa. 08:00 na pembeni yake 02:00, yaani saa mbili. Kuanzia asubuhi hadi jioni safu hiyo inasoma saa kama zinavyotamkwa mtaani. Usiku itaonyesha 14:00 kwa saa mbili usiku, hivyo utatoa 12, lakini miadi mingi ya kazi haifiki huko. Programu ya simu haionyeshi safu hiyo, kwa hiyo hila hii ni ya mezani tu.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kwa wazee wetu wa pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo mtu akisema "usiku wa Jumamosi" anaweza kuwa anazungumzia usiku ambao kalenda inauita Ijumaa. Muulize: "usiku wa kuamkia lini?" Tiketi ya ndege inayoondoka 03:30 tarehe 15 inamtaka msafiri awe uwanja wa Julius Nyerere usiku wa tarehe 14. Ingiza ndege kwa saa yake, kisha tengeneza tukio la pili, "kutoka nyumbani", tarehe 14 saa tano usiku, yaani 23:00. Hilo la pili ndilo linalohitaji kengele.

Simu iliyovaa saa ya nchi nyingine

Hitilafu hii inawasumbua wengi bila wao kujua chanzo. Simu iliyotumika ikitoka Dubai au China inaweza kufika ikiwa bado imewekwa saa za huko. Mnunuzi anaona saa haiendani na ya ukutani, anairekebisha kwa mkono, na anaridhika. Lakini amerekebisha namba tu, eneo limebaki lilelile. Akitumiwa mwaliko wa kikao cha saa nne asubuhi, yaani 10:00 ya Dar, simu inayodhani iko China itauonyesha 15:00, maana China iko saa 5 mbele yetu. Ya Dubai itauonyesha 11:00. Na kengele italia kwa saa hiyohiyo potofu. Dawa yake: Mipangilio, Tarehe na Saa, washa saa kutoka mtandao na eneo kutoka mtandao, vyote viwili. Kama laini haitoi eneo, chagua kwa mkono Dar es Salaam au Nairobi, maana ni saa moja. Hakikisha imeandikwa GMT+03:00.

Kwa wenye wateja au mabosi Uingereza, jueni kwamba Tanzania haibadilishi saa kwa majira lakini wao hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha kila wiki kilichotengenezwa London saa 10:00 yao kitaangukia saa saba mchana kwetu wakati wao wako kwenye baridi, na saa sita mchana wakati wa kiangazi chao. Kalenda haijakosea. Kikao kinachojirudia hufuata saa za eneo la aliyekitengeneza. Kama mnataka kisihame upande wa Dar, mtengenezaji awe mtu wa Dar, au aweke saa za Dar ndani ya tukio lenyewe.

Kengele isiyolia

Lalamiko linalofuata kwa wingi ni kwamba kalenda "haikumbushi". Mara nyingi sababu ni betri. Simu nyingi za bei nafuu zimewekewa mfumo unaozima programu zisizotumika ili chaji ikae, na kalenda ni miongoni mwa zinazozimwa. Fungua Mipangilio, Programu, Kalenda, Betri, uiweke isiwe na vikwazo. Halafu rudi nyuma uangalie kama imeruhusiwa kutoa arifa, kwani kuanzia Android 13 programu mpya lazima iombe ruhusa hiyo, na wengi hukataa kwa haraka. Kama kuna programu ya "kusafisha simu", iambie iiache kalenda.

Hata ikiruhusiwa, arifa ya kalenda ni mlio mfupi mmoja. Haiamshi mtu aliyelala, na simu ikiwa kimya haisikiki kabisa. Kwa jambo la alfajiri weka na kengele ya saa ya simu. Wanaosubiri ujumbe mfupi wa simu kutoka Google waache kusubiri, kwa sababu huduma hiyo ilifungwa Januari 2019, na hilo ni pengo kubwa kwa jamaa mwenye simu ya kitochi. Mbadala uliopo ni barua pepe.

Tukio moja linakubali vikumbusho hadi vitano, na tunashauri viwili kwa mambo ya mjini: kimoja siku moja kabla, ili ujue kesho unavaa nini na unabeba nini, na kingine kabla ya muda wa kutoka, si kabla ya muda wa kuanza. Dakika 30 zinazowekwa na Google hazimtoshi mtu wa Tegeta mwenye kikao Posta. Hapa kalenda ya Apple inaizidi Google waziwazi: ina sehemu ya muda wa safari ndani ya tukio, na inakuonyesha kuwa muda huo umeshikwa. Kwenye Google unalazimika kutengeneza tukio jingine, "njiani", na kulipa rangi ya kijivu. Ni kazi ya ziada, lakini ifanyeni. Mtu anayepanga kikao Mikocheni kinachoisha saa tano na kingine Kariakoo kinachoanza saa tano, kalenda itamwonyesha visanduku viwili vilivyopangana vizuri na hatakiwahi cha pili hata akipanda bodaboda. Anayevuka Kigamboni aongeze na muda wa kusubiri kivuko.

Mambo yanayojirudia

Mfanyabiashara mdogo atarudishiwa muda wake na sehemu hii kuliko nyingine zote. Kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usiziweke tarehe zenyewe. Weka "andaa mishahara" tarehe 3 na "kamilisha VAT" tarehe 15, zijirudie kila mwezi, ili mtandao ukigoma au namba ya malipo ikichelewa ubaki na siku za kuhangaika. Ziwekee saa, kwa mfano 9:00, badala ya kuziacha kama tukio la siku nzima. Tukio la siku nzima hukaa juu ya ukurasa kimya, na kama hukuliwekea kikumbusho chake kwenye mipangilio ya kalenda husika, litapita bila kulia.

Kisha jihadhari na tarehe 31. Kodi ya makadirio kwa anayefunga hesabu Desemba inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukitengeneza tukio la 31 Machi na kuliambia lijirudie kila miezi 3, Juni halitatokea, wala Septemba, kwa sababu miezi hiyo haina tarehe 31 na kalenda inairuka badala ya kusogea nyuma. Litaibuka tena Desemba. Weka tarehe 25. Tahadhari hiyohiyo inahusu pango la nyumba la kila miezi mitatu au sita, bima ya gari na ada.

Ukibadilisha tukio linalojirudia, programu itauliza kama unabadilisha hilo moja, hilo na yanayofuata, au yote. Soma kabla ya kugusa. Anayechagua "yote" anabadilisha pia yaliyopita, na kumbukumbu ya mwaka mzima inaharibika. Ukifuta kwa bahati mbaya, kwenye kompyuta kuna pipa la taka linalohifadhi vilivyofutwa kwa siku 30.

Sikukuu za Tanzania unaziongeza kwa kuchagua kalenda ya sikukuu za nchi. Mapinduzi, Muungano, Saba Saba na Nane Nane zitakaa mahali pake. Idd na Maulid zichukuliwe kama makadirio, kwani mwezi hauandamani kwa amri ya programu. Kwenye mipangilio ya mwonekano unaweza kuongeza kalenda ya Hijria iandikwe pembeni ya tarehe za kawaida, ila ukichagua ile ya Umm al-Qura unafuata hesabu ya Saudia, ambayo inaweza kupishana na hapa kwa siku moja. Na anayependa wiki ianze Jumamosi, kama majina ya siku zetu yenyewe yanavyohesabu, chaguo hilo lipo.

Kushirikiana

Kamati ya harusi ndiyo kipimo kizuri. Vikao kila Jumapili, mwisho wa ahadi za michango, siku ya kulipia ukumbi, siku ya kuonja keki. Tengeneza kalenda mpya yenye jina la harusi, usichanganye na yako. Hili lifanyie kwenye kompyuta, au kwenye kivinjari cha simu ukichagua mwonekano wa kompyuta. Ngazi za ruhusa ni nne: kuona tu kama una nafasi, kuona maelezo yote, kubadilisha matukio, na kubadilisha pamoja na kuwapa wengine ruhusa. Katibu na mwenyekiti wapewe ya tatu. Wajumbe wengine ya pili. Ya nne abaki nayo mmoja. Usiguse kamwe sehemu ya kuifanya kalenda ionekane na watu wote, kwani hapo yeyote duniani anaweza kujua siku ambayo nyumba yenu haina mtu.

Tukubali kwamba wajumbe wengi hawafungui barua pepe, na mwaliko wa Google huenda huko. Kalenda iwe kitabu cha katibu, tangazo liende WhatsApp, na liandikwe kwa saa zote mbili: "Jumapili tarehe 12, saa 10 jioni, 16:00." Ukiandika moja tu, lazima atakuwapo wa kuuliza.

Kabla hujahifadhi chochote, tazama tukio linakwenda kwenye akaunti gani. Chini ya jina la tukio kuna anwani ya barua pepe. Kwenye baadhi ya simu kuna pia kalenda ya "kifaa" au "simu", na kinachowekwa humo hakiendi popote. Simu ikiibiwa, au fundi akiifuta ili kuifungua, miadi yote imekwenda nayo. Kilichoko kwenye akaunti ya Google kinarudi chenyewe ukiingia kwenye simu mpya.

Mialiko ya matapeli nayo ipo: unakuta kwenye kalenda yako tukio la kushinda zawadi lenye kiungo. Usilijibu, hata kwa kukataa. Ingia mipangilio ya matukio uchague kwamba mialiko iingie pale tu mtumaji anapofahamika.

Kuwaachia wateja wajiandikie

Kinyozi, mwalimu wa tuisheni, mwanasheria au daktari wa kujitegemea anaweza kutengeneza ratiba ya miadi na kuwapa wateja kiungo. Akaunti ya bure inatoa ukurasa mmoja wa aina hii. Unapanga urefu wa miadi, siku na saa unazopatikana, nafasi ya kupumua kati ya mteja na mteja, na idadi ya juu kwa siku. Weka nafasi ya dakika 15 angalau, na Ijumaa uache wazi muda wa swala. Kwenye fomu ongeza sehemu ya namba ya simu na uifanye ya lazima, kwa sababu fomu yenyewe inadai jina na barua pepe, na ukitaka kumpata mteja wa Dar aliyechelewa, barua pepe haitakusaidia.

Udhaifu ni malipo. Kwenye vifurushi vya kulipia kuna namna ya kudai pesa kabla ya miadi, lakini inapitia Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni. M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas hazimo. Anayetaka kishika nafasi aandike namba ya lipa kwenye maelezo ya ukurasa na athibitishe mwenyewe. Calendly, kampuni ya Atlanta iliyoanzishwa 2013 na Tope Awotona, mzaliwa wa Nigeria, ina kurasa nadhifu zaidi, na kwa bure inakupa aina moja ya miadi. Kwa mwenye wateja wa nje tungeichukua. Kwa saluni ya Sinza, ukurasa wa Google unatosha.

Outlook ya Microsoft mwachieni ambaye ofisi yake inaitumia: upangaji wa vikao vya watu wengi ndani ya kampuni moja umekomaa kuliko kwa Google, ila mtu binafsi hana sababu ya kuhamia. Kalenda ya Apple ni nzuri mradi nyumba nzima ina iPhone.

Kwa bando, kalenda inakula kidogo sana, na programu ya simu inafanya kazi bila mtandao: unaandika ukiwa kwenye mwendokasi bila data, na inajioanisha ukirudi hewani. Lakini mpaka hapo mwenzako haoni ulichoandika. Mapokezi yenye watu wawili wanaoandika miadi kwa simu mbili wahakikishe data haijakatika, la sivyo kiti kimoja kitapewa wateja wawili, na kalenda itawaonyesha wote wawili saa tatu, kila mmoja na jina lake.